Simu Uliyotakiwa Kutoa Betri Ndipo Ubadilishe Gemu

Juzi nimesajili laini ya pili, nikafungua kile kitrei cha pembeni ya simu yangu (kampuni siitaji) nikakuta nafasi ni mbili tu. Moja ya laini, nyingine ya laini AU memori kadi. Yaani nichague: laini ya miamala au picha zangu. Hivi aliyebuni hii kitu aliwahi kuishi Bongo?

Hasira zikanikumbusha simu moja ya zamani, Nokia N-Gage. Ilitoka Oktoba 2003, wengi wetu tukiwa bado tunabebwa mgongoni. Nokia wakati huo ndiye mfalme wa simu duniani. Mabosi wake wakaona vijana wanatembea na vitu viwili mfukoni, simu na Game Boy, wakasema tuviunganishe. Wazo safi kabisa, mimi mwenyewe ningenunua. Marekani ikauzwa dola 299, wakati Game Boy Advance SP ilikuwa kama dola 100 tu.

Sasa njoo kwenye kuitumia. Gemu zilikuwa kwenye vikadi vidogo. Ukitaka kubadilisha: zima simu, fungua kava la nyuma, toa betri, chomoa kadi, weka nyingine, rudisha betri, funika, washa, subiri iwake. Hapo mshikaji anasubiri zamu yake, na anayekupigia anaambiwa hupatikani. Kwenye Game Boy unachomoa, unachomeka, basi.

Kuongea ndiyo kichekesho. Spika ya sikioni na maiki waliviweka ubavuni, kwa hiyo ukipigiwa unagandamiza ule ubavu sikioni na simu nzima inachomoza nje kama sikio la tembo. Watu wakaibatiza taco, ule mkate wa Kimeksiko unaokunjwa. Mtandaoni wakaanza kujipiga picha wamejiwekea sikioni kila kitu walichokikuta nyumbani. Wa kucheka wakacheka. Lakini aliyetoa hela yake ndiye aliyekuwa anapokea simu kwenye daladala za huko kwao, wote wanamwangalia. Wabunifu walikuwa ofisini.

Na ndani ya wiki chache tu baadhi ya maduka yakapunguza dola 100. Ukiwa umenunua siku ya kwanza, pole.

2004 wakaleta toleo jipya, N-Gage QD. Kadi unachomeka kwa chini bila kugusa betri, na unaongea kawaida kama binadamu. Safi! Ila wakatoa kicheza muziki cha MP3 na redio. Umemwita fundi mlango unakwama, karekebisha mlango, kaondoka na dirisha.

Kwa ninavyoona mimi, hawakuwa wajinga. Kila kipande peke yake kilikuwa na akili. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kukaa nayo siku nzima, apigiwe simu, abadilishe gemu mara tatu, halafu aseme jamani, hii inachosha.

Mimi laini ya pili nimeiweka, maana hela za watu zinapita huko. Kadi yenye picha za harusi ya dada nimeifunga kwenye tishu, iko kwenye pochi. Wewe yako inakukera wapi?