Arseniki mshipani: malale ya kwetu Ipole

Najua niliahidi vituko vya mazoezi ya kufundisha, ila kuna jambo linanikaa kichwani tangu nishuke Ipole, pale barabara ya kutoka Tabora inapogawanyika, moja Mpanda, nyingine Rungwa. Ukishapita Sikonge ni miombo, mizinga ya nyuki na ndorobo. Hao ndorobo ndio habari yenyewe.

Enzi za Mwingereza, kuanzia miaka ya 1920, watu wa huku walikusanywa kwenye makazi makubwa ili wakae mbali na mbung'o. Vitabu vinaita kinga. Bibi, kwa alivyosikia kwa wazazi wake, anaita kufukuzwa mashambani.

Sasa dawa. Kuanzia 1949 iliyotegemewa malale yakishafika ubongoni ni melarsoprol ya Ernst Friedheim. Ndani yake mna arseniki, jamani, sumu ya panya! Kijidudu cha malale kikiwa kwenye damu kinategemea sukari yetu kupata nguvu, na arseniki inavuruga kemia yake ya ndani mpaka kinakufa. Tatizo, seli zetu nazo zina kemia. Karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe, kwa madhara ya ubongo. Bila dawa ungekufa tu, kwa hiyo walichomwa.

Kaka yake bibi alichomwa miaka ya 1960. Alisema ni kama pilipili inapita mshipani. Yeye alirudi nyumbani, wa kitanda cha pili hakurudi.

Baadaye ikaja eflornithine, iliyoanza kutafutiwa kazi kwenye saratani. Inaziba kimeng'enya kimoja cha kijidudu, na ikaidhinishwa kwa malale mwaka 1990. Kwa malale ya Kongo, safi. Ya kwetu, rhodesiense, haisikii: kijidudu chake kinatengeneza kimeng'enya kipya haraka mno. Tukabaki na arseniki yetu. Hapo ndipo mimi nakasirika, maana wenzetu walishaanza kuachana nayo.

Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikakubali fexinidazole kwa rhodesiense pia, baada ya majaribio Uganda na Malawi. Vidonge, siku 10, basi.

Nikampigia bibi kumwambia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hivyo vidonge, mjukuu wangu, haviunguzi?"