Kutazama nyota Bulengera wakati taa ya barabara inapiga macho

Katika komine ya Bulengera, mjini Butembo, taa ya barabara ni usalama: inakuonyesha nani anakaribia mlango. Lakini kwa mkaaji anayependa kutazama nyota akiwa katika parseli yake, taa hiyo inaficha zile ndogo.

Shida ni mbili. Kwanza, mwangaza unaoingia machoni. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 ili lizoee giza; ukiangalia taa, unaanza upya. Pili, mwangaza unaopanda juu na kufanya mbingu yote iwe nyeupe-nyeupe.

Ile ya kwanza unaweza kuipunguza mwenyewe. Simama nyuma ya ukuta ama mgomba, pale kivuli cha taa kinaanguka. Jifunike kichwa na kitenge. Zima simu, tochi, ifunike na plastiki nyekundu. Chagua usiku usio na mwezi, kiisha mvua kuondoa vumbi.

Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, kwa hiyo hapa nyota za kaskazini na za kusini zote zinaonekana. Karibu saa tatu ya usiku, tafuta Kilimia juu ya kichwa mwezi wa 12, na Msalaba wa Kusini mwezi wa 5.

Kuvunja taa hapana: jirani anaihitaji ili afike kwake salama. Afadhali kuomba wenye kuitengeneza waiwekee kifuniko, imulike chini barabarani. Na kama usiku huo kuna wasiwasi katika mtaa, baki ndani.