Jua na Balbu Ndani ya Kamera

Fungua sehemu ya rangi katika kamera yako, utakuta alama ya jua na alama ya balbu. Wenzangu wengi wanaopiga picha za nyota huchagua balbu, kwa kuwa anga hutoka samawati ya kupendeza. Mimi huchagua jua, na sababu yangu ni ya kihistoria.

Alama hizo zimerithiwa kutoka enzi za mikanda ya filamu. Wakati huo rangi ilichaguliwa dukani: kulikuwa na filamu ya mchana, iliyolingana na mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 hivi, na filamu ya taa za ndani, ya 3200. Ukishaifunga kwenye kamera, umekwisha kuamua. Filamu ya taa ikitumiwa nje ilitia kila kitu usamawati, na baadhi ya wapiga nyota waliipendea hilo hilo, maana ilififisha wekundu wa taa za miji.

Tena filamu ya rangi ilichoka. Ina tabaka tatu, na ikiachwa wazi kwa muda mrefu kila tabaka hupungukiwa nguvu kwa kiwango chake, rangi zikapotoka. William Miller, mpiga picha wa kituo cha kutazamia nyota cha Palomar, California, ilimbidi apime upotovu huo na kuurekebisha ndipo picha zake za nebula zikachapishwa mwaka 1959. David Malin, mpiga picha wa nyota kule Australia, aliikwepa kabisa filamu ya rangi: alipiga sahani tatu zisizo na rangi, moja kwa chujio jekundu, moja la kijani, moja la buluu, kisha akaziunganisha kwenye chumba cha giza. Wazo lenyewe mwanafizikia James Clerk Maxwell alikwisha kulionyesha London mwaka 1861.

Watu hao walihangaikia rangi ya kweli. Ndiyo maana nikiwa Magadi, Kenya, kupiga nyota, huweka jua. Nyota ya Betelgeuse hutoka ya chungwa, Rigel nyeupe yenye usamawati, na karibu na upeo huonekana ukijani hafifu wa oksijeni inayong'aa kilomita 95 hivi juu yetu. Ukiweka balbu, ukijani huo humezwa na buluu.

Faili ghafi hukuruhusu kubadili rangi baadaye, ni kweli. Basi ukibadili, andika chini ya picha kelvini ulizotumia, ili anayeitazama ajue lipi ni la anga na lipi ni lako.