Sukari inayopikwa korodanini

Alfajiri pale soko la Mabibo, Dar es Salaam, machungwa yanashushwa garini, na gunia la maharage limekunjwa mdomo, kopo la kupimia limechomekwa juu. Hatua chache mbele kuna muuza dawa na kipaza sauti chake: mbegu nyepesi, mbegu zisizotungisha mimba, njoo baba. Nimesimama mara nyingi kumsikiliza. Kila mara najiuliza kwa nini hakuna anayewasimulia wanaume hawa yanayotendeka ndani ya korodani zao wenyewe.

Mwaka 1850 mkemia Mjerumani, Johann Joseph Scherer, alitoa kwenye nyama fuwele nyeupe zenye utamu kama wa sukari. Akaziita inositoli, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya msuli. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye chungwa na punje ya harage pale sokoni. Karne moja baadaye Thaddeus Mann wa Cambridge, ambaye tayari alishaonyesha kwamba mbegu za kiume hutumia fruktosi kama chakula, aliikuta inositoli kwa wingi wa kushangaza kwenye majimaji ya uzazi ya nguruwe dume. Inafanya nini huko?

Jibu lilianza kuonekana kwa kondoo. Mwaka 1968 Brian Setchell na wenzake, huko Uingereza, walipima majimaji yanayotoka moja kwa moja korodanini mwa kondoo dume. Inositoli iliyokuwamo ilizidi ile ya kwenye damu kama mara mia. Kwa wingi huo, isingetosha kusema korodani inaichota tu kwenye damu. Lazima inajipikia. Na jiko lenyewe lilikuwa limeshaonekana mwaka mmoja nyuma, pale Frank Eisenberg wa Marekani alipoeleza jinsi korodani ya panya inavyochukua glukosi, sukari ile ile inayotokana na ugali na wali, na kuikunja iwe duara la inositoli. Mpishi naye akafahamika: mwaka 1979 watafiti wa Kanada walionyesha kuwa chembe za Sertoli huitengeneza. Chembe hizo ziligunduliwa na Enrico Sertoli mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 23 tu. Ndizo zinazozikumbatia mbegu changa na kuzilisha, kama yaya na mtoto mgongoni.

Inositoli husaidia chembe kushika maji, zisivimbe wala zisisinyae. Vilevile ni malighafi ya ujumbe unaopita ndani ya chembe. Hapo anaingia mtoto wa Afrika, Michael Berridge, aliyezaliwa mwaka 1938 Gatooma, mji unaoitwa leo Kadoma, Zimbabwe. Kwa kuchunguza tezi za mate za nzi, alifika mahali ambapo mwaka 1983 yeye na wenzake walithibitisha kuwa inositoli iliyobebeshwa fosfeti tatu huifungulia kalisi iliyohifadhiwa ndani ya chembe. Mwaka 2002 watafiti wa Cardiff wakatambua kimeng'enya ambacho mbegu hukiingiza kwenye yai ili kuzalisha ujumbe huo huo. Kalisi ikifurika, yai linaamka.

Basi je, mtu anunue inositoli? Yamefanyika majaribio, kadhaa yao Italia, ambayo mbegu zilionekana kuogelea vizuri zaidi. Yalikuwa madogo, na mimi siwezi kumwambia mtu atoe fedha yake kwa hayo. Na dawa za yule mwenye kipaza sauti? Mabibo hii hii ina kituo cha utafiti wa tiba asili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mzizi uliopita maabara na mzizi unaonadiwa barabarani si kitu kimoja.

Kinachoniuma ni upande mwingine. Ndoa ikikaa bila mtoto, mawifi humtazama mke. Yeye ndiye anayezungushwa hospitali na kwa waganga, anaitwa mgumba, wakati Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo wa kupima manii tangu mwaka 1980. Mbegu moja huchukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita yaweza kuonekana kwenye majibu ya leo, na kipimo kikija vibaya hurudiwa.

Ndugu msomaji, kama mwaka umepita bila kinga na mimba haijaingia, nendeni hospitali wote wawili, siku moja. Mume atangulie: kipimo chake hakihitaji kisu wala sindano.