Moshi Uliokataa Kuteremka

Mnamo mwaka 1744 mpiga chapa mmoja wa Philadelphia, katika koloni la Kiingereza la Pennsylvania, alitoa kijitabu cha kulieleza jiko jipya la chuma. Mpiga chapa huyo ni Benjamin Franklin, ambaye wakati ule hakuwa bado na sifa ya umeme wala ya siasa. Kilichomsukuma ni uhaba wa kuni. Aliwakumbusha wasomaji wake kwamba miaka 100 nyuma kuni zilipatikana mlangoni pa kila mtu, na sasa miji mingine ilizifuata umbali wa karibu maili 100. Nchi ya misitu ilikuwa imeanza kuonja njaa ya kuni, nao maskini, kama ada, ndio waliotangulia kutetemeka.

Meko ya nyumba za huko yalikuwa shimo kubwa ukutani lenye dohani pana juu yake. Moto uliwaka kwa fahari, lakini sehemu kubwa ya joto ilipaa pamoja na moshi, na hewa baridi ya nje ikaingia kwa kila ufa wa mlango kuchukua nafasi ya ile iliyopanda. Aliyeketi mbele ya moto aliungua uso na kuganda mgongo. Franklin alibuni sanduku la mabamba ya chuma, wazi kwa mbele, maana watu walipenda kuuona moto na yeye aliijua tabia hiyo. Ndani yake, nyuma ya moto, aliweka kisanduku chenye vizuizi. Hewa safi ikapita humo, ikapata joto, ikatoka chumbani. Moshi nao uliruka juu ya kisanduku, ukateremka nyuma yake, ukapita chini ya sakafu ndipo ukaingia dohanini. Katika mzunguko huo chuma kilinyonya joto lake. Franklin alidai kwamba chumba chake kilipata joto maradufu kwa robo tu ya kuni za awali.

Mabamba hayo yalisubiwa na rafiki yake Robert Grace, mwenye tanuri la chuma. Gavana George Thomas alitaka kumpa Franklin haki ya kuliuza jiko peke yake kwa miaka kadhaa. Akakataa, kwa hoja kwamba anayefaidi uvumbuzi wa wengine hana budi naye kuutoa wake bure. Fundi mmoja wa London hakuwa na ukarimu huo. Kwa maelezo ya Franklin mwenyewe, alibadili mambo machache, tena kwa kuliharibu, akachukua hataza na kujipatia mali.

Lakini moshi una tabia yake. Hupanda kwa sababu una joto, na hauteremki ila pale dohani iliyokwisha kupata moto inapouvuta kwa nguvu. Moto ukiwa mchanga, au ukianza kufa, moshi ulirudi chumbani kwa wenyewe. Mwisho wake ile njia ya kuteremka ikaachwa. David Rittenhouse, mnajimu wa Philadelphia, akaufanya moshi upande kwa bomba lenye pembe. Majiko mengi yaliyoitwa ya Franklin baadaye hayakuwa na kile hasa alichojivunia.

Hata hivyo kulikuwa na jambo kubwa kuliko joto lililopotea. Katika karne ya 17 Dalesme, Mfaransa, alionyesha Paris jiko ambalo ndimi za moto zilivutwa chini, zikapita katika makaa, na moshi ukaungua humo humo. Franklin alilijua. Mwaka 1785, akiwa melini akirejea kutoka Ufaransa, mzee wa miaka 79, aliandika habari za jiko lake mwenyewe la makaa ya mawe lenye kuula moshi wake. Moshi, basi, ni kuni ambazo hazijawaka.

Ukuni mkavu ukipashwa moto, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka gesi, na gesi hizo ndizo zifanyazo ndimi. Ili ziungue zote zahitaji joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi, hewa ya kutosha, na nafasi ya kuchanganyika nayo. Zikikosa, hutoka zikiwa moshi, na zikigusa dohani baridi huganda zikawa masizi ya utomvu, ambayo siku moja huweza kushika moto na kuiunguza nyumba. Ukuni mbichi waweza kuwa nusu yake maji. Moto hutumika kwanza kuyachemsha. Ndiyo maana kuni hupasuliwa na kuanikwa penye upepo mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20.

Ubahili nao una hatari yake. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Wamarekani wengi walirudia majiko ya kuni, yaliyofungika barabara. Jioni waliyajaza, wakaziba hewa, kuni zikafuka hadi alfajiri. Walidhani wanaweka akiba, kumbe sehemu ya tita lao ilikwenda angani na vifuani mwa jirani. Mwaka 1988 serikali ikaweka kikomo: gramu 7.5 za chembe za moshi kwa saa kwa majiko ya kawaida. Tangu 2020 ni gramu 2. Majiko mapya yana kuta za matofali ya kuhimili moto, na hewa iliyokwisha kupashwa huingizwa juu ya ndimi.

Huko huko Marekani, jimboni Oregon, Larry Winiarski aliipeleka kanuni hiyo kwa wapishi wa mafiga katika miaka ya 1980: chemba ndogo yenye umbo la kiwiko, iliyozungushiwa kitu kihifadhicho joto. Haja ilikuwa kubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kutokana na moshi wa majumbani. Katika jiko hilo kuni husukumwa taratibu, ncha tu ndiyo iunguayo, kama afanyavyo kila mpishi hodari wa mafiga. Alichokosa yeye ni ukuta wa kuushika moto, na dohani.