Mama wa Jembe na Mama wa Mshahara: Malezi ya Watoto Kibaha na Kisarawe

Dola inaposema kwamba itamsaidia mzazi afanyaye kazi, hapana budi kwanza iamue ni nani afanyaye kazi. Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, zilizo magharibi ya jiji la Dar es Salaam, swali hilo si la vitabuni tu. Nyumba mbili zinazotazamana huweza kuwa na mama mmoja mwalimu au muuguzi, mwenye barua ya ajira, na mwingine mkulima wa mihogo na korosho. Wote wawili huamka alfajiri, na wote wana watoto wachanga. Sheria zetu hazikuwatazama kwa jicho moja, na hilo ndilo tunalokusudia kulichunguza hapa.

Kabla ya kuja mishahara, Wazaramo, wenyeji wa sehemu kubwa ya nchi hii, walikuwa na mpango wao wa malezi. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akiogeshe na kukipaka mafuta kama mtoto. Mafunzo ya ulezi yalitangulia ulezi wenyewe. Tusidhani, hata hivyo, kwamba mambo yalikuwa mema matupu: mwali aliweza kukaa ndani kwa miezi mingi, na shule zilipoenea desturi hiyo ilishindana nazo.

Mwaka 1963, pale Tumbi, Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilometa 40 kutoka Dar es Salaam, ulianza mradi wa ushirikiano baina ya Tanganyika na nchi za Ulaya ya Kaskazini: Denmark, Finland, Norway na Sweden. Shabaha yake ilikuwa kupigana na maadui watatu waliotajwa tangu Uhuru, yaani ujinga, maradhi na umaskini. Ndiyo maana vilijengwa mahali pamoja shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima. Kwa maoni yetu, busara ya mradi ilikuwa katika ujirani huo. Mtoto hatengeki na shamba la mama yake. Atibiwaye utapiamlo leo atarudi kesho akiwa vile vile, ikiwa nyumbani hakuna ila ugali mtupu wa muhogo. Tarehe 10 Januari 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha, na kituo kile cha afya kikakua hata kikawa Hospitali ya Tumbi.

Miaka ya sabini ilikuwa ya haraka. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa, kampeni ya Mtu ni Afya ikaendeshwa kwa redio na kwa vikundi vya masomo, na sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe ikatungwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Kisha, mwaka 1975, sheria ya ajira ilirekebishwa, ikampa kila mwanamke mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, mara moja katika miaka mitatu, awe ameolewa au hakuolewa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa sheria ilimtazama mama na mtoto bila kuuliza cheti cha ndoa.

Lakini iliuliza barua ya ajira. Mama wa Kisarawe mwenye jembe hakuwa na mwajiri wa kumwomba siku 84. Yeye aliahidiwa kijiji: shule, zahanati, na palipowezekana kituo cha kulelea watoto mchana, kazi ambayo Umoja wa Wanawake wa Tanzania uliishughulikia sana. Ahadi ilikuwa njema, ila nyumba huhamishika na mikorosho haihamishiki. Palipokuwa na mikorosho ya zamani, mama alibaki na safari ndefu ya kuifuata. Sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana ilipotungwa mwaka 1981, ilihusu usajili na usimamizi wa vituo. Kuvijenga na kuvilisha kulikuwa jambo jingine. Uchumi ulipodorora katika miaka ya themanini, wazazi walianza tena kuchangia elimu ya msingi, hata ada ilipofutwa mara ya pili mwaka 2001.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilizihifadhi zile siku 84, ikaongeza ziwe 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, ikampa anyonyeshaye hadi saa mbili za kazi kila siku. Baba alipewa siku tatu. Ni chache, lakini zinakiri kwamba naye ana kazi nyumbani.

Mama wa jembe alifikiwa kwa njia nyingine, na Kibaha ikarudi tena katika historia hii. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza majaribio ya kuzilipa kaya maskini fedha kila miezi miwili katika wilaya za Kibaha, Bagamoyo na Chamwino. Watoto wadogo walipaswa kupelekwa kliniki, na wa shule kuhudhuria asilimia 80 ya siku za masomo. Vijiji 40 vilianza, na vingine 40 vikasubiri ili matokeo yalinganishwe. Utaratibu huo ni mzuri kwa mtafiti, mgumu kwa anayesubiri. Mahudhurio ya kliniki yalipanda kwanza, kisha yakashuka, kwa sababu watoto waliugua kidogo zaidi. Wengi zaidi walimaliza darasa la saba. Wengi zaidi walivaa viatu. Tangu mwaka 2012 mpango ulienezwa nchini, Kisarawe ikiwamo.

Hata hivyo, likizo ya jembe haijaandikwa popote. Masika yaanzapo mwezi Machi, mama aliyejifungua Februari hutazama shamba lake na mtoto wake, na mara nyingi anayebaki na mchanga huyo ni dada yake mkubwa, ambaye siku hiyo haitiki mwalimu asomapo majina darasani.