Speke, Zebaki na Nyota za Kusini

Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alisimama ukingo wa magharibi wa Naili, akitazamana na mahali ulipo mji wa Jinja leo, pale mto unapotoka Ziwa Viktoria kwa maporomoko. Mwenzake, Grant, alikuwa ameshashika njia ya Bunyoro. Maporomoko hayo Speke aliyaona kwa macho yake, lakini wakubwa wa London walitaka tarakimu: latitudo ngapi?

Baharini nahodha hupima kimo cha jua la adhuhuri kutoka pale bahari inapokutana na mbingu. Bara kuna vilima na miti. Kwa hiyo wasafiri wa enzi hiyo walibeba zebaki, wakaimimina kwenye trei, wakaifunika kwa kioo upepo usiitikise, kisha wakapima kwa sekstanti pembe kati ya nyota na taswira yake humo. Pembe hiyo ni maradufu ya kimo halisi.

Ikweta ndiyo inayoleta ukorofi. Mwishoni mwa Julai jua la adhuhuri hapo Jinja hupanda digrii 71 hivi. Maradufu yake yapita 140, na sekstanti nyingi hazifiki huko. Basi kazi ikawa ya usiku, kwa taa na mbu.

Nyota ya Kaskazini nayo haisaidii. Ukiwa Nakaloke, nje kidogo ya mji wa Mbale, Uganda, iko kama digrii moja tu juu ya ardhi, imemezwa na vumbi na miti. Geukia kusini. Katikati ya Juni, kuelekea saa nne usiku, Alpha Centauri hufika kileleni mwa njia yake, kimo cha digrii 28 hivi. Toa 28 kwenye 90, unapata 62. Almanaka inasema nyota hiyo iko digrii 61 kusini ya ikweta ya mbingu. Baki ni 1: uko digrii moja kaskazini.

Longitudo ndiyo iliyowatoa jasho, maana hutegemea saa, na saa ikikosea dakika nne tu, ramani inakosea kilomita 111.

Vipimo vya Speke havikumnyamazisha Burton, mpinzani wake aliyekataa kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Naili. Vilionyesha aliposimama, si mto unakoelekea, na kati ya maporomoko na kituo cha Gondokoro, huko kaskazini, alikuwa ameuacha mto mara kadhaa. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao mjini Bath. Msafiri Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa hilo kwa mashua mwaka 1875 na kumpa Speke haki yake.

Ukitaka kujaribu, achana na zebaki, ni sumu. Beseni la maji lililokingwa upepo linatosha.